Mlango Niliouacha Wazi

Wewe umeliona. Usinitikisie kichwa. Lile jengo la ghorofa tatu, rangi ya krimu iliyobabuka, nondo madirishani toka chini mpaka juu kabisa. Unapita chini yake kila asubuhi, na ukifika pale unaiinamia simu yako kama mtu anayemkwepa shemeji aliyegombana naye. Umewaona wanawake wakiingia saa moja kasorobo. Umezisikia cherehani zikivuma huko juu. Ulipoziona zile nondo ulijiambia ni za kuzuia wezi, ukavuka barabara.

Sikulaumu peke yako. Mimi nililitazama jengo hilo miezi saba, kwa muda wa saa nne kila siku, tofali kwa tofali, na mimi pia sikuliona.

Mimi ni fundi. Nilianza kama fundi wa cherehani mle mle ndani, miaka minne nikibadilisha mikanda na kunyoosha sindano, mpaka siku niliposimama juu ya robota la kitambaa nikawaambia wenzangu kwamba choo kimoja kwa watu tisini ni matusi. Nakumbuka tarehe. Nakumbuka shati la meneja, lilikuwa la mistari na kifungo cha tatu kilikuwa kimekatika. Nakumbuka nani aliniangalia mimi na nani aliangalia viatu vyake. Mimi sisahau. Mlinzi alinitoa kwa lango la mbele kanishika kwapa, na huu ni mwaka wa sita. Siku hizi natengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda mtaa wa pili kutoka pale. Shule niliiacha njiani. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa kuharibu vitu na kuvirudisha.

Mdogo wangu wa kike yuko mle bado. Ghorofa ya tatu, mstari wa mwisho, cherehani ya pembeni mwa dirisha la nyuma. Kwetu tumebaki wawili tu, mimi na yeye.

Mwaka jana soketi ilitoa cheche ghorofa ya pili. Moshi ukapanda ngazi za mbele, ukaingia kwenye chumba chao. Wanawake wakainuka. Nyapara akapiga kelele kutoka chini, "Subirini! Subirini!" na kweli walisubiri, mpaka mtu akamwaga ndoo ya mchanga, cheche zikazimika. Yule nyapara hata kabla ya hapo walimwita Subirini, maana hilo ndilo neno lake: ukiomba kwenda chooni, subirini; ukiuliza likizo, subirini. Mdogo wangu alirudi nyumbani akitusimulia kwa vicheko, mimi na jirani, akiigiza sauti yake. Lakini kitambaa chake cha kichwa kilinuka plastiki iliyoungua.

Barua tatu niliandika ofisi ya ukaguzi. Ya kwanza ilipotea. Ya pili ilisomwa. Ya tatu ikajibiwa kwamba ya pili imepokelewa.

Hapo ndipo nikaja na wazo la mchezo.

Upo mchezo wa kompyuta wa zimamoto. Una magari mekundu na majengo marefu ya vioo, na moto wake unatembea kama moto wa kweli: unapanda, unatafuta hewa, unajaza chumba moshi kabla ya kuonekana. Wenye mchezo wanakuruhusu kutengeneza modi, yaani kipande chako mwenyewe unachokibandika ndani yake ukaugeuza. Nikasema sawa. Watu hawasomi barua, lakini wanacheza. Nitalijenga lile jengo mle ndani, nitawaweka wanawake kwenye viti vyao, kisha nitawasha ile soketi. Kila mtu atakayecheza ataamka ghorofa ya tatu na atatakiwa kutoka. Nitaipeleka kwa mkaguzi, nitaipeleka kwa waandishi wa habari, nitaiweka mtandaoni. Wataona.

Nilijenga kwa kumbukumbu. Si nimekwambia sisahau? Nilijua ngazi za mbele zina hatua ishirini na mbili na ya kumi na nne imemeguka. Nilijua ngazi za nyuma, zile za dharura, ni nyembamba, na mlango wa kuziendea uko nyuma ya rafu ya nyuzi. Niliuweka mlango huo, nikaupaka rangi ya kijani kama ulivyokuwa. Pale nisipokuwa na hakika nilimuuliza mdogo wangu. Alikuwa ananijibu huku anakula, kwa uchovu.

Mwanzoni alicheka. Baadaye alikasirika, akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: SAA MBILI KUTENGENEZA, SAA MOJA KUCHEZA.

"Ndiyo ratiba yako," akasema. "Uijenge, halafu uingie ndani uone."

Sehemu ya kwanza ya ratiba niliitii vizuri sana.

"Kaka, na leo hujacheza?"

"Namalizia ngazi."

"Ngazi ulimaliza juzi."

"Vishikio vyake bado. Upande wa kushoto vina kutu."

"Haya, fundi wa kutu. Kuna watu wanapika chakula wakala. Wewe unapika tu."

"Lazima ifanane, mdogo wangu. Isipofanana watasema nimezusha."

Nilikuwa na sababu kila siku. Feni zilikuwa zinazunguka haraka mno. Kivuli cha rafu kilianguka vibaya. Nikichoka na feni nahamia kwenye mlio wa cherehani. Kutengeneza kuna raha yake, wewe usiyetengeneza chochote hutaielewa: unakaa juu ya nyumba kama Mungu mdogo, unainua ukuta kwa kidole.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la sisi watengenezaji peke yetu. Unapojenga, kipo kitufe kimoja ukikibonyeza unakuwa kama mzimu. Unapita ukutani. Unapita sakafuni. Moto haukuunguzi, moshi hukohoi. Tunakitumia ili tusipoteze muda kupanda ngazi kila tunapotaka kukagua kona. Mimi miezi saba nilitembea mle kizimu. Nilitoka ghorofa ya tatu mara elfu, kila mara kwa kupenya ukuta. Mkono wangu haukugusa mlango hata mmoja.

Jumapili moja mchana mdogo wangu alinisukuma kwenye kiti. "Nipishe. Nacheza mimi."

Akaamka kwenye kiti chake, mle ndani. Akageuka kulia na kushoto.

"Weee! Mbona umeninenepesha hivi?"

"Hiyo ni miili ya mchezo, sikuichagua mimi."

"Na huyu wa pembeni yangu umempa shingo ya twiga. Akijiona atakupiga." Alikuwa anacheka. Soketi ikawaka chini, moshi ukaanza kuchungulia kwenye ngazi za mbele, wanawake wa kompyuta wakainuka. Naye akakimbia, anajua njia, akaizunguka rafu ya nyuzi, akausukuma mlango wa kijani. Ukafunguka. Akashuka ngazi za nyuma, akatoka uani salama, na nyuma yake wenzake wote.

Sekunde hamsini na mbili. Nilitaka kupiga makofi.

Aliitoa mikono yake kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

"Kaka. Huu mlango umefunguka."

"Si ndiyo kazi ya mlango?"

"Kwetu haufunguki."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Una geti la nondo mbele yake," akasema. "Geti na kufuli. Tangu walipodai vitambaa vinaibwa kwa ngazi za nyuma. Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili! Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza rangi ya ukuta. Uliniuliza feni ziko ngapi. Uliniuliza mpaka kalenda ya ukutani ina picha gani. Mlango hukuuliza, kwa sababu mlango unaukumbuka."

Huo ndio ukweli, na nauandika hapa mbele yako nikiwa na aibu. Nilikuwa nakumbuka kwa bidii kiasi kwamba sikuangalia. Kumbukumbu yangu iliuacha mlango wazi, na mdogo wangu alikuwa anakaa upande wa pili wa kufuli siku sita za wiki.

"Na mkaguzi?"

"Mkaguzi anatoa taarifa kwanza. Siku akija, geti liko wazi, tena limefagiliwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Subirini. Mfukoni. Na anakaa chini, pale mezani kwake, mbele ya mlango wa barabarani."

Nilichukua kompyuta. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Geti la mlango: limefungwa. Ufunguo: kwa nyapara, ghorofa ya chini. Miezi saba ya kutu na vivuli, na jambo la maana lilikuwa mstari mmoja.

"Cheza," nikamwambia.

Moshi ukapanda. Akaizunguka rafu, akalifikia geti, akalisukuma. Likalia, halikusogea. Nyuma yake wenzake wakafika. Wale watu wa kompyuta hawana akili nyingi. Wanafuata amri moja tu: tafuta njia ya kutoka iliyo karibu nawe. Mlango ule ndio uliokuwa karibu, basi wakamfuata wote na kumbana pale getini, mmoja juu ya mwenzake, wakichezesha miguu mahali pamoja. Akajaribu kurudi kwenye ngazi za mbele. Hakuweza kupenya. Kioo cha kompyuta kikawa cha kijivu, kisha cheusi. Maandishi yakatokea, na sitayaandika hapa.

Akaanza upya, na upya tena. Mara nyingine aliliacha geti akawahi ngazi za mbele, akakutana na moshi hatua ya kumi na nne. Mara nyingine alikwenda dirishani, akazishika nondo. Alicheza mara kumi na moja mimi nikiwa nimesimama nyuma yake, na jasho jembamba lilikuwa linanitoka mgongoni kana kwamba chumba chetu ndicho kinachoungua.

Katika mara zote kumi na moja Subirini alitoka wa kwanza. Sikumfundisha hivyo, naapa. Amri ni ile ile moja, tafuta njia iliyo karibu, naye yuko karibu na mlango wa barabarani. Sekunde ya tano anainuka, sekunde ya kumi na moja yuko nje, na ufunguo umo mfukoni mwake.

Sasa unadhani nilifanya nini wiki ile? Nilikaa nikarekebisha moshi. Ndiyo. Niliona moshi unapanda haraka kidogo kuliko inavyopaswa, nikasoma, nikapima, nikaupunguza kasi, nikaurudisha. Nilikuwa naogopa kiti kile. Kutengeneza kulikuwa ni kukaa nje ya jengo.

Mdogo wangu alinikuta hapo Alhamisi jioni akitoka kazini. Hata mkoba hakuutua.

"Kaa vizuri. Anza mchezo."

"Subiri kwanza nimalizie…"

"Umesema nini?"

Nikalisikia neno la nyapara likitoka kinywani mwangu.

Nikaamka kwenye kiti chake. Sikuwahi kuliona lile jengo kutoka pale. Dari iko chini. Rafu ya nyuzi inaziba kila kitu. Ukiwa umekaa, mlango huuoni kabisa. Mbele yangu kulikuwa na migongo, migongo tu, safu baada ya safu. Halafu mstari mwembamba wa moshi ukapita juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu cherehani zinavuma na kengele hakuna. Nikakimbia. Nikafika getini, wakanibana kutoka nyuma, kioo kikaanza kuwa kijivu, na kidole changu, bila mimi kukituma, kikaenda kwenye kile kitufe cha mzimu.

Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Mimi kitufe hicho sina," akasema.

Tukabaki hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka kioo kikawa cheusi.

Nilimsihi asiende kesho yake. Nikamwambia acha kazi, tutakula hiki hiki cha kibanda. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Nikibaki nyumbani mimi, ataletwa mwingine akae kwenye kiti changu. Huyo hana kaka?"

Yeye ndiye aliyemleta Subirini. Nyapara huyo anakaa mitaa mitatu kutoka kwetu, na Jumapili mdogo wangu alimkuta sokoni akamwambia njoo uone kitu, kaka yangu amekuweka kwenye kompyuta. Akaja amevaa shati la kupigwa pasi. Kumbe ni mtu mfupi, mpole, ana kikohozi. Miaka sita kumbukumbu yangu ilikuwa imemrefusha, nami nikamchukia mtu mrefu.

"Shikamoo, mzee," mdogo wangu akamwambia. "Keti hapa. Hii meza ni yako, unaiona?"

"Marahaba, binti. Aisee! Hata kikombe changu kipo!"

"Moto unawaka. Toka."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayetafuta chumvi kwenye maharagwe. Akainuka, akavuka kizingiti, akawa barabarani. Sekunde kumi na nne. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi nimepona! Mnasema mchezo mgumu, mbona mwepesi?"

"Geuka nyuma, mzee."

"Nigeuke?"

"Angalia juu. Dirisha la tatu."

Akageuka. Madirishani kulikuwa na mikono. Mchezo hauna sauti ya kulia, mimi sikuiweka, lakini mikono ilikuwa inatikisa nondo.

"Hao mbona hawashuki?"

"Wanasubiri," akasema mdogo wangu.

"Wanasubiri nini?"

"Ufunguo."

Na yule mzee akapeleka mkono kwenye mfuko wa suruali yake. Siyo ndani ya mchezo. Pale pale chumbani kwetu, Jumapili, akaupapasa mfuko, na nikausikia ufunguo ukigonga kitu humo ndani.

Hakucheka tena. Akaanza kujitetea bila ya kuulizwa: kwamba ameagizwa, kwamba siku geti likikutwa wazi ni yeye anayeondoka, kwamba ana watu nyumbani wanaomtegemea. Mdogo wangu hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mzee, ufunguo uning'inize ukutani juu kwetu. Msumari upo. Basi, hakuna zaidi."

"Nitaongea na tajiri," akasema akiwa mlangoni. "Subirini."

Na aliongea. Sitamsingizia. Jumanne aliongea na mwenye kiwanda, akamwambia mafundi wana wasiwasi, mpaka na mchezo wametengeneza. Tajiri akamsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo.

Sasa uko kwenye gari lake. Mdogo wangu aliniambia jana, kwa sauti ya chini, akiwa anafua kitambaa chake cha kichwa bila kuniangalia. Tajiri amesema nyapara ameshindwa kazi ya kutunza ufunguo, atautunza mwenyewe. Gari linaondoka saa tatu asubuhi, linarudi saa kumi. Kwa saa saba nzima ufunguo haumo hata ndani ya jengo.

Nikafungua kompyuta. Nikatafuta mstari ule, ufunguo: kwa nyapara. Nikaufuta, nikaanza kuandika, ufunguo: gari… Kisha nikaanza kuwaza, gari lenyewe la rangi gani, nilipige picha, nilijenge, taa zake… Nikaona mdogo wangu amesimama, kitambaa kinachuruzika maji sakafuni. Nikafunga kompyuta.

Kuhusu wale mia nne walioipakua modi yangu tangu niiweke mtandaoni: mmoja ameandika kwamba cherehani zimependeza. Mwingine ameandika, inatisha, nimeipenda. Ndivyo mlivyo.

Leo sijafungua kibanda. Nimesimama ng'ambo ya lango na msumeno wa chuma ndani ya mfuko wa kiroba. Gari la tajiri limetoka saa tatu na dakika nne. Tangu saa tatu na nusu umeme unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na kila ukirudi zile soketi za ghorofa ya pili, zile zile, hazijabadilishwa, zinapokea pigo. Feni za juu nimeziona zikisimama mara tano. Subirini yuko kizingitini, anatazama juu, ananitazama mimi, anatazama tena juu. Harufu sijaisikia. Bado.

Naweza kuvuka barabara peke yangu. Nimepiga hesabu. Mtu mmoja akiingia na msumeno ni mwizi: mlinzi atamwangusha hatua ya pili, na geti litabaki limefungwa, na kesho litaongezwa kufuli. Watu hamsini wakiingia, mlinzi ni mmoja tu, na nyapara pale mlangoni, naapa ukimwangalia usoni, atakaa pembeni.

Hamsini. Nyie mnaopita hapa kwa saa moja ni zaidi ya hao. Wewe uliyekaa kwenye kituo, wewe wa duka la mkabala, wewe mwenye gari linalonguruma bure. Sikuombi uwaze. Sikuombi uwatumie wenzako hii waisome nao waseme inatisha. Weka simu mfukoni, ondoka hapo ulipo, njoo nilipo mimi, tuvuke barabara pamoja. Kufuli ni la kawaida, nimelikata la namna ile kwa dakika sita. Dakika sita tu nakuomba usimame nyuma yangu kwenye ngazi za mbele.

Umeme umekatika tena. Njoo kabla haujarudi.